Jirani Mkatoliki anafundishwaje kushuhudia imani yake?

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia, Mprotestanti na Mkatoliki wanaishi mlango kwa mlango. Wanachota maji kwenye bomba moja, watoto wao wanasoma pamoja, na mara nyingi wanaoana. Kisha jioni moja jirani Mkatoliki anabisha hodi, Biblia mkononi, anakualika kwenye sala ya shirika lao. Waumini wetu hutuuliza: "Mchungaji, wameanza lini mambo haya? Tulidhani kwao kazi ya Injili ni ya padri."

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Tutaeleza hapa jinsi Kanisa Katoliki, hasa katika nchi yetu, linavyowaandaa waumini wa kawaida kupeleka imani yao kwa wengine. Kisha tutasema mahali tunapotofautiana nao, na mwisho tutajiuliza jambo hili linatudai nini sisi.

Mtu wa kwanza ni katekista

Mapadri Weupe walifika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1879, nao walikuwa wachache mno. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao Algeria mwaka 1868, aliwawekea masharti mawili mazito. Kwanza, mtu asibatizwe haraka. Afundishwe miaka minne: miwili ya kujua misingi, na miwili ya ukatekumeni wenyewe. Pili, Waafrika wahubiriwe na Waafrika wenzao.

Sharti hilo la pili lilizaa watu kama Adrian Atiman. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta, kisha akahudumu Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa upande wa Tanzania, kwa muda unaozidi nusu karne. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padri. Alikuwa mtu mwenye mke na kazi, na watu walimsikiliza kwa sababu walimjua.

Katekista wa kijijini mpaka leo ni mtu wa namna hiyo. Padri akifika mara chache kwa mwaka, katekista ndiye anayeongoza sala ya Jumapili, anayewafundisha wanaotaka ubatizo, anayewaandaa wachumba, na anayezika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya umisionari la mwaka 1965, uliagiza wakatekista wafunguliwe vyuo, na wale wanaofanya kazi hiyo muda wote wapewe riziki ya kuwatosha. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya mlei, mwanamume au mwanamke, ambayo askofu humwekea mtu kwa ibada maalumu.

Shirika la mtaani

Hatua ya pili ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1961 maaskofu wa Congo waliamua kwamba parokia zao zijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, za watu wanaoishi karibu. Huku mashariki wengi huziita shirika.

Wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata, kwa maana yalitugusa sisi pia. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilitoa sheria iliyotambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kanisa la Kristo la Kiprotestanti na la Kimbangu. Mwaka 1972 vyama vya vijana vya makanisa vilipigwa marufuku, na mwaka 1974 shule za makanisa zikachukuliwa. Kanisa lililozoea kulea imani kupitia shule na vyama vya vijana lilinyang'anywa vyote viwili. Kilichobaki ni majirani wanaokutana nyumbani kusoma Neno. Mwaka 1975 Kardinali Malula wa Kinshasa akaenda mbali zaidi: alianza kuwakabidhi walei waliofundishwa uongozi wa parokia nzima. Waliitwa bakambi, yaani viongozi kwa Kilingala. Padri alibaki kwa ajili ya sakramenti na ushauri, na mlei huyo, mwenye familia na ajira yake, akaongoza.

Mkutano wa jumuiya ndogo unaendaje? Mahali pengi Afrika hutumia hatua saba zilizotungwa katika chuo cha Lumko, Afrika Kusini. Wanamkaribisha Bwana kwa sala. Wanasoma fungu la Biblia. Kila mmoja anachagua neno moja au mstari uliomgusa na kulisoma kwa sauti. Wananyamaza dakika chache. Kisha kila mmoja anasema neno lile limemwambia nini, bila kuhubiria wengine. Baada ya hapo wanapanga kazi: nani mgonjwa katika mtaa, nani amefiwa, nani ameacha kuja, na nani atamtembelea. Mwisho wanaomba.

Tuangalie vizuri hatua ya tano na ya sita. Mama anayeuza makala sokoni, ambaye hajawahi kusimama mbele ya kanisa, kila wiki anazoezwa kusema kwa maneno yake mwenyewe Mungu amemtendea nini. Kisha anatumwa kwa mtu mwenye jina na nyumba inayojulikana. Akifanya hivyo miaka mitatu, kumweleza jirani habari za imani yake hakumtishi tena.

Kutumwa wawili wawili

Kuna pia Lejio ya Maria, chama kilichoanzishwa na Frank Duff huko Dublin, Ireland, mwaka 1921, ambacho kimeenea sana Afrika. Jina lake linatukwaza Waprotestanti, na tutalisema hilo hapa chini. Lakini utaratibu wake wa mafunzo unafaa kujulikana. Wanachama hukutana kila wiki. Kila mmoja hupewa kazi ya saa kama mbili: kutembelea wagonjwa, wafungwa, familia iliyorudi nyuma. Hawaendi peke yao, huenda wawili wawili, mgeni pamoja na mzoefu. Wiki inayofuata kila mmoja anatoa ripoti mbele ya wenzake: alikwenda wapi, alipokelewaje. Wana pia kanuni ya kutogawa msaada wa vitu katika kazi hiyo, ili ziara yao isije ikageuka biashara ya kuvuta watu.

Mafunzo hayo hayana cheti. Mtu anajifunza kwa kwenda, kuulizwa, na kwenda tena.

Wakongomani wawili

Wakatoliki wanapowafundisha vijana wao ushuhuda, hutumia pia maisha ya watu. Wawili ni ndugu zetu wa nchi hii.

Isidore Bakanja alikuwa msaidizi wa waashi, aliyebatizwa mwaka 1906 katika eneo la Mbandaka. Baadaye alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la wazungu huko Ikili, mahali pasipokuwa na padri. Aliwafundisha wenzake sala. Msimamizi alimkataza, akamwamuru avue alama ya imani aliyovaa shingoni, na alipokataa akapigwa mijeledi vibaya sana. Alikufa kwa vidonda hivyo tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Kanisa lake lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alihudumia watoto wa mitaani. Aliletewa rushwa ili vyakula vilivyoharibika vipite, akakataa. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenye heri huko Roma mwezi Juni 2025.

Papa Fransisko alimtaja Floribert tarehe 2 Februari 2023, alipokutana na vijana na wakatekista katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Siku hiyo aliwapa somo juu ya vidole vitano vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Mtoto wa miaka saba anaweza kulirudia somo hilo nyumbani. Na Floribert aliingia kwenye kidole cha uaminifu, kwa sababu katika nchi ambayo kila kizuizi kina bei yake, mtu anayekataa fedha chafu amekwisha kuhubiri kabla ya kufungua kinywa.

Mahali tunapoachana

Upendo hautuzuii kusema tofauti zetu. Jirani Mkatoliki akikualika, anakualika kwa Kristo na pia kwenye Kanisa lenye sakramenti saba, lenye utii kwa Papa, na lenye desturi ya kuomba maombezi ya Mariamu na watakatifu. Sisi tunakiri kwamba mwenye dhambi anahesabiwa haki kwa imani katika Kristo, kwamba mpatanishi ni mmoja tu (1 Timotheo 2:5), na kwamba Maandiko ndiyo kipimo cha mafundisho yote. Hatuombi kwa Mariamu. Lakini tunamheshimu kama mama wa Bwana wetu, na anayemtukana Mariamu mbele ya jirani hajatetea Injili hata kidogo.

Basi jirani akija, mpe kiti. Msikilize mpaka amalize. Akikuuliza, jibu kwa upole na heshima kama Petro anavyotuagiza (1 Petro 3:15). Ukiweza kusoma naye fungu la Injili, soma. Na tukumbuke Marko 9:38-40, pale Yesu alipowazuia wanafunzi wasimkataze mtu aliyetenda kwa jina lake ingawa hakufuatana nao. Wako watu wengi katika mitaa yetu ambao hawaombi popote, nao ndio wa kutafutwa kwanza, kabla ya kunyang'anyana walio na kanisa tayari.

Jambo hili linatudai nini?

Matengenezo ya karne ya 16 yalifundisha ukuhani wa waaminio wote, kufuatana na 1 Petro 2:9. Ni fundisho letu, tunalihubiri. Lakini tazameni makanisa yanavyokwenda mahali pengi: kushuhudia kumekuwa kazi ya mchungaji, mwinjilisti na kipaza sauti. Kampeni ya siku tano inakusanya umati, majina yanaandikwa kwenye daftari, na Jumatatu hakuna anayejua ni nani atakayekwenda kwenye nyumba zile.

Hapa mashariki hilo lina gharama kubwa. Vita vinapokuja, mchungaji anakimbilia upande mmoja na kondoo upande mwingine. Hekalu linabaki tupu. Familia inajikuta chini ya hema, au kwa ndugu katika mji mgeni. Ikiwa Neno lilikaa kwa mchungaji peke yake, ni nani atakayelifungua huko? Matendo 8:1-4 inatuonyesha kanisa la Yerusalemu likitawanywa na mateso. Mitume walibaki mjini, na wale waumini wa kawaida waliotawanyika ndio waliokwenda huko na huko wakilihubiri Neno. Waliweza kwa sababu walikuwa wamefundishwa nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya taabu.

Tunapendekeza kila kanisa lianze na mambo manne, bila kungoja fedha wala mgeni kutoka mbali:

1. Chagueni watu sita, wanawake na wanaume, wenye sifa njema katika mtaa, mkawafundishe kwa mwaka mmoja, jioni moja kila wiki. Paulo alimwagiza Timotheo njia hiyo (2 Timotheo 2:2).

2. Katika kila kikundi cha sala, kila mtu aseme kwa maneno machache Neno limemwambia nini. Mwenye kujua sana anyamaze kidogo ili wengine wajifunze kusema.

3. Tumeni watu wawili wawili kwa nyumba inayojulikana, na wiki inayofuata waulizwe habari, kama Yesu alivyowasikiliza mitume waliporudi (Marko 6:30).

4. Wafundisheni vijana kwamba mzani wa haki sokoni na mkono usiopokea rushwa ofisini ni sehemu ya ushuhuda, hata kama utawagharimu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Ikiwa mchungaji wetu angeondoka kesho, ni nani kati yetu angeweza kumwongoza mtu kwa Kristo na kumlea kwa mwaka mmoja?

Ni jirani gani, mwenye jina, tutakayemtembelea wiki hii?

Tunazungumzaje juu ya Wakatoliki wakati watoto wetu wanatusikia?

Bwana wa mavuno awape nguvu, ndugu na dada, na amani yake ikae katika nyumba zenu na katika nyumba za majirani zenu. Amina.