Jumamosi au Jumapili: ugomvi wa kale uliofika Ntuzu

Ijumaa jua likielekea kuzama Bariadi, kuna nyumba ambazo chakula cha kesho kimeshapikwa, nguo zimeshapigwa pasi na madumu yamejaa maji. Ni siku ya maandalio. Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani Mkatoliki anafunga marobota ya pamba ayawahishe ghalani asubuhi. Kesho mmoja ataonekana na Biblia na lesoni mkononi, mwingine na mzigo kwenye baiskeli. Keshokutwa watabadilishana zamu.

Usabato si mgeni huku. Wamisionari Wajerumani walioanza kazi Upare mwaka 1903 walifika kanda ya ziwa mwaka 1909, wakaanzia Majita. Kabla ya vita ya 1914 walikuwa wameshafungua vituo Usukumani pia, Kanadi na Ntuzu, yaani eneo hili la Bariadi, vikiwemo. Kwa hiyo ubishi wa siku ya ibada una zaidi ya miaka mia moja katika eneo hili, na maneno yake karibu kila mtu anayajua. Upande mmoja husema Kaisari Konstantino ndiye aliyeibadilisha siku. Upande wa pili husema ni mitume wenyewe. Ninachowalaumu wote wawili ni kwamba wanairuka karne ya pili, na mambo yalitokea humo.

Aliyeichimba karne hiyo kwa jembe zito ni Samuele Bacchiocchi, Msabato wa Kiitalia aliyekwenda kusomea kwa Wajesuiti, Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma. Utafiti wake kuhusu safari ya kutoka Sabato hadi Jumapili ulichapishwa na chuo hichohicho mwaka 1977. Alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Andrews, Marekani.

Hoja yake inaanzia kwenye jambo ambalo waumini wengi hulisahau: Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi. Waliingia sinagogi, walitahiriwa, walikula Pasaka. Kanisa la Yerusalemu, anasema, lisingeweza kuzua siku mpya, maana lilikuwa limeshikamana na Torati kuliko makanisa yote. Basi mabadiliko yalitoka wapi? Jibu lake ni Roma, siku za Kaisari Hadriano. Uasi wa Bar Kokhba, kuanzia 132 hadi 135, uliishia kwa damu nyingi. Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia Yerusalemu, na kuanzia hapo maaskofu wa mji huo wakawa watu wa mataifa. Tangu mwaka 70 kulikuwa pia na kodi iliyotozwa Wayahudi peke yao. Mkristo wa Roma ambaye hakuzaliwa Myahudi alikuwa na kila sababu ya kutaka watu wa serikali wasimchanganye na hao. Na hakuna kitu kilichomtangaza Myahudi mtaani kuliko kupumzika Jumamosi.

Bacchiocchi anaongeza ushahidi mmoja ninaoupenda kwa sababu unahusu tumbo. Kanisa la Roma lilizoea kufunga Jumamosi. Kwa Myahudi, Sabato ni siku ya kula vizuri, kama ilivyo katika ile nyumba ya Bariadi yenye sufuria zilizojaa tangu jana. Kuigeuza kuwa siku ya njaa ni kuivua utamu wake.

Hapo alipofikia, namkubali kwa mengi. Ninaposita ni kwenye madai kwamba Jumapili ilizaliwa Roma na kusambazwa kutoka huko. Mwaka 1982 kundi la wasomi lililoongozwa na D. A. Carson lilitoa kitabu cha kumjibu, na humo Richard Bauckham alionyesha kwamba dalili za kukutana siku ya Bwana ni za mapema zaidi, na zinatoka Siria na Asia Ndogo, si Roma pekee. Mimi naongeza la kwangu. Karibu mwaka 190 Askofu Vikta wa Roma alitaka makanisa yote yaadhimishe Pasaka Jumapili. Makanisa ya Asia Ndogo, yaliyofuata tarehe 14 Nisani ya Kiyahudi, yakamkatalia waziwazi, na barua za ugomvi huo bado zinasomwa. Ikiwa tarehe moja tu ya mwaka iliwasha moto kiasi hicho, siku inayorudi kila wiki ingebadilishwa vipi kwa amri ya Roma bila mtu kupiga kelele?

Halafu Sabato yenyewe haikufa haraka. Baraza la Laodikia, karne ya nne, liliwakataza Wakristo kupumzika Jumamosi kama Wayahudi. Katazo halitungwi kwa jambo ambalo hakuna anayelifanya. Na hapa kwetu Afrika, Ethiopia ilikataa kuchagua: baada ya mabishano makali, baraza la Debre Mitmaq la mwaka 1450, chini ya Mfalme Zara Yakob, liliamua siku zote mbili zitunzwe.

Kiswahili nacho kimechangia mkanganyiko. Majina yetu yanahesabu kuanzia baada ya Ijumaa, ndiyo maana siku ya saba ya Biblia tunaiita Jumamosi, yaani ya kwanza, na siku ya kwanza tunaiita ya pili. Mwalimu wa Shule ya Sabato lazima aanze kwa kulifumbua hilo.

Turudi kwa Konstantino. Sheria yake ya Machi 321 iliwataka mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili, lakini iliwaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao, kwa kuwa hali ya hewa haingoji. Mkulima wa pamba wa Ntuzu angesamehewa. Ila Justino, mwalimu Mkristo aliyeandika Roma karibu mwaka 150, alishaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku ya jua. Anayemtaja kaisari huyo kuwa mwanzilishi wa ibada ya Jumapili amechelewa kwa miaka 170 hivi.