Barabara Inapogeuka Korido

Mwishoni mwa Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwasindikiza mamia ya askari na polisi wa serikali ya Kongo kutoka Goma kwenda Kinshasa. Tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji mwishoni mwa Januari, watu hao, wakiwa wamekwisha kuweka silaha chini, walikuwa wamejihifadhi pamoja na jamaa zao katika kambi za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Barabara zilikuwepo muda wote huo. Walichosubiri ni ridhaa ya kila mwenye bunduki njiani, na ridhaa hiyo ndiyo inayoigeuza barabara kuwa korido.

Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 16, nao Wafaransa walilitoa kwa Waitalia, ambao kukimbia wanakuita correre. Awali lilikuwa neno la vita: njia iliyokingwa kando ya handaki la ngome, askari wakaweza kupita bila adui kuwalenga. Ujia wa ndani ya jengo, wenye milango huku na huku, ulikuja baadaye. Kwa hiyo korido ya kibinadamu imelirudisha neno kule lilikozaliwa, ila kinga ya leo haina ukuta. Inategemea ahadi.

Na ahadi hiyo sheria imeiachia mianya mingi. Mikataba ya Geneva ya 1949 haitaji korido popote. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Nne kinaagiza dawa, na vyakula vya watoto na wajawazito, viruhusiwe kupita, lakini kwa masharti. Umoja wa Mataifa ulianza kuzungumzia korido za misaada katika azimio la Baraza Kuu la Desemba 1990. Saa za kupita, mizigo inayokubaliwa na atakayeikagua, yote hayo hujadiliwa upya kila vita inapozuka.

Nadhani wanaolielewa jambo hili kuliko wanasheria ni akina mama wanaovuka kwa miguu Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na mji wa Gisenyi nchini Rwanda, nyanya na kabichi kichwani. Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa kwa risasi hapo mpakani, upande wa Goma ulianza kufunga saa tisa alasiri. Aliyetoka Gisenyi na mboga za kuuza jioni, wateja wanapotoka kazini, ilimbidi aziuze mchana kwa bei ya kutupa au alale ng'ambo. Njia yake inaulisha mji, na hakuna mkataba wowote unaoiita korido.