Harufu ya Mkojo Katika Mabanda ya Sungura: Inatoka Wapi na Inazuiwaje

Kamati nyingi za sharika zinazoandika maombi ya miradi midogo huchagua sungura, na sababu zao ni nzuri. Sungura hahitaji eneo kubwa, mimba yake ni ya siku 31 hivi, anakula majani, na mama mwenye kazi nyingine za shamba anaweza kumhudumia. Kinachosahaulika katika maandiko ya miradi ni mkojo. Kwa ukanda wa pwani wenye joto na unyevu, kama Somanga wilayani Kilwa, jambo hili linaweza kuua mradi kabla hata magonjwa hayajaingia. Nyumba za kijijini ziko karibu karibu. Majirani zetu wengi ni Waislamu, ambao kwao mkojo unaotiririka hadi uani ni najisi, hata kama nyama ya sungura wenyewe wanaila. Mradi unaowaudhi majirani hauna maisha marefu, hata kama taarifa yake kwa wafadhili inapendeza.

Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema tueleze harufu hiyo inatokana na nini, na kikundi kifanye nini kwa vifaa vinavyopatikana palepale.

Ni gesi gani hii?

Mkojo wa sungura unapotoka tu hauna harufu kali. Ndani yake mna yurea, ileile tunayoinunua madukani ndani ya mifuko ya mbolea. Bakteria waliomo katika kinyesi na uchafu wa sakafuni huivunja yurea hiyo, na kinachotokea ni gesi ya amonia. Watu wa pwani wanaijua bila kufundishwa: ni harufu ya papa aliyechelewa kutiwa chumvi, kwa sababu nyama ya papa nayo ina yurea nyingi. (Hapo Somanga neno gesi huwapeleka watu moja kwa moja kwenye bomba la Songo Songo, ambalo huingia nchi kavu Somanga Funga na tangu mwaka 2004 limekuwa likipeleka gesi Dar es Salaam. Hii yetu ni nyingine, na haina mnunuzi.)

Ili bakteria hao wafanye kazi yao wanahitaji unyevu, joto na muda. Joto la pwani hatuwezi kulipunguza sana. Unyevu na muda viko mikononi mwetu. Mkojo ukitenganishwa na kinyesi mapema na kuondolewa siku hiyohiyo, amonia itakayotoka ni kidogo. Ukiachwa umelowanisha kinyesi na nyasi kwa siku tatu wakati wa masika, hakuna dawa ya kupuliza itakayosaidia.

Wanaoumia kwanza si majirani, bali ni sungura wenyewe, kwa kuwa pua zao ziko karibu kabisa na sakafu. Amonia huunguza utando laini wa pua na mapafu. Sungura wengi hubeba puani bakteria aitwaye Pasteurella bila kuugua. Utando ukishaharibika, bakteria huyo hupata njia, na hapo ndipo tunapoona chafya, makamasi mazito, macho yenye usaha, na baadaye vifo. Watoto walio katika kisanduku cha kuzalia chenye nyasi zilizolowa ndio wanaotangulia. Nyayo nazo zikikaa kwenye majimaji huota madonda, na jike mwenye madonda ya nyayo hanyonyeshi vizuri.

Mtu anayehudumia banda kila siku pua yake imezoea, kwa hiyo yeye si shahidi mzuri. Kipimo tunachowapa wanakikundi ni hiki: alfajiri, kabla ya kufungua banda, piga magoti, weka kichwa usawa wa sungura na upumue kwa dakika moja. Macho yakiwasha, hali imeshakuwa mbaya. Kwa binadamu, nchi nyingi zimeweka kikomo cha sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni moja za hewa kwa zamu ya kazi ya saa 8. Sungura hana zamu, yuko humo usiku na mchana.

Majivu na chokaa

Hapa tunaomba kamati zisome kwa makini, maana desturi imeenea kila mahali. Watu wakisikia harufu humwaga majivu au chokaa juu ya kinyesi kilicholowa, na baada ya muda mfupi harufu huwa kali kuliko mwanzo. Wengine hufikiri hawajatia vya kutosha, wakaongeza.

Sababu yake ni rahisi. Amonia hubaki ndani ya maji pale panapokuwa na uchachu, na hukimbilia hewani pale panapokuwa na magadi. Majivu na chokaa vyote viko upande wa magadi. Mkojo wa sungura wenyewe tayari uko upande huo na una chokaa ndani yake. Ndiyo ule ukoko mweupe unaoganda kwenye bati na waya. Kuongeza majivu juu ya mkojo mbichi ni kuifukuza amonia itoke kwa haraka zaidi. Chokaa ina kazi yake, nayo ni kupaka sakafu na kuta za banda lililokwisha kusafishwa na kukauka, wakati sungura hawamo.

Kinachofaa kumwagwa chini ya vizimba ni kitu kikavu kinachofyonza. Somanga kuna minazi, na vumbi la makumbi hufyonza maji vizuri sana. Maranda ya mbao na pumba za mpunga pia zinafaa. Chenga za mkaa zilizotwangwa na kuchanganywa humo husaidia kushika harufu. Tunasisitiza vitu vya palepale kwa makusudi: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, chochote kilichotegemea lori hakikufika.

Ule ukoko mweupe uondolewe kwa uchachu, yaani siki au maji ya ndimu. Paka, subiri kidogo, sugua kwa brashi, suuza, kisha anika juani. Akina mama wanaotia papa ndimu ili harufu ikatike wanaielewa hoja hii mara moja. Jambo moja la hatari: dawa ya kufulia yenye klorini isimwagwe kamwe juu ya mkojo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kumdhuru mtu ndani ya banda dogo. Osha kwanza kwa sabuni na maji mengi.

Ujenzi wa kizimba

Kizimba kiinuliwe juu kiasi cha mita moja, na sakafu yake iwe ya wavu wa waya au fito za mianzi zilizoachana kama sentimita 1.5, ili kinyesi kidondoke lakini mguu usizame. Mianzi hunywa mkojo, kwa hiyo ibadilishwe inapoanza kunuka hata baada ya kuoshwa. Katika sehemu moja ya kizimba liwekwe ubao mkavu wa kupumzishia nyayo.

Chini ya sakafu hiyo liwekwe bati lenye mteremko, linaloishia kwenye mfereji mdogo na dumu. Mdomoni mwa mfereji weka kipande cha wavu mwembamba: kinyesi kinabaki juu, mkojo unapita. Hewa ya bahari na mkojo kwa pamoja hula bati haraka. Pipa la plastiki lililopasuliwa na kunyooshwa hudumu zaidi.

Kuta zisizibwe. Tunajua hofu ya wezi, paka na nguchiro, ila ukuta wa mbao uliofungwa pande zote hufungia amonia ndani pamoja na joto, na sungura huanza kuteseka joto linapopita nyuzi 30. Wavu imara na kufuli vinatosha, na paa la makuti ni baridi kuliko bati.

Kuhusu upepo, kusi na kaskazi zote kwa sehemu kubwa huvuma kutoka upande wa bahari, kwa hiyo banda likae magharibi ya nyumba. Lakini umande wa alfajiri hutoka bara na kurudisha harufu nyumbani. Hili ndilo jambo ambalo mgeni anayefika saa nne asubuhi hawezi kuliona. Kamati ikague eneo asubuhi na jioni, na imwulize jirani wa upande wa pili kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa.

Maji, majani na mkojo wenyewe

Sehemu kubwa ya unyevu tunaoulaumu mkojo ni maji ya kunywa yaliyomwagika. Bakuli jepesi hupinduliwa kila siku. Tumia la udongo zito au la kufungwa kwa waya. Maji ya kisima yenye chumvi humfanya sungura anywe zaidi na kukojoa zaidi. Majani yaliyokatwa yanyaushwe kivulini kabla ya kulishwa. Chakula chenye protini kupita mahitaji nacho huongeza yurea katika mkojo, kwa hiyo anayeongeza dagaa akidhani anawanenepesha anapoteza fedha. Mkojo mwekundu au wa rangi ya machungwa mara nyingi ni rangi ya majani, si damu.

Dumu la mkojo liwe na kifuniko na lishushwe kila siku. Amonia inayonuka ni naitrojeni inayotoroka, yaani mbolea ya bustani yenyewe. Ukihifadhiwa umefunikwa, changanya sehemu 1 ya mkojo na sehemu 10 za maji, mwagilia kwenye udongo pembeni ya shina wakati wa jioni, kisha funika kwa udongo kidogo. Zipo habari kwamba mkojo wa sungura unauzwa kwa bei kubwa. Kamati isiandike mapato hayo kwenye bajeti hadi mnunuzi awepo kwa jina na amelipa.

Kwa sharika zinazoandaa maombi ya mwaka ujao: bajeti ya vizimba ionyeshe kwa mstari wake bati au plastiki ya chini, mfereji, madumu yenye vifuniko, brashi na vifyonzaji vya miezi mitatu ya masika. Vitu hivi ndivyo hukatwa kwanza bajeti inapozidi, ili idadi ya sungura ibaki kama ilivyoandikwa. Tunapendekeza kinyume chake. Wapunguzwe sungura, kwa mfano kutoka majike kumi hadi sita, na ombi lieleze sababu. Wafadhili wetu wakisoma maelezo hayo wataona kwamba kikundi kinajua kinachofanya.