Milki ya Delamere, kutoka Njoro hadi Soysambu

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimkodishia mtu mmoja ekari 100,000 za ardhi huko Njoro, magharibi mwa Nakuru, kwa miaka 99. Mtu huyo alikuwa Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu wa Delamere. Alitakiwa kulipa pauni 200 kwa mwaka na kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya mwanzo. Shamba likaitwa Equator Ranch. Ukubwa wake, kama kilomita za mraba 400, ulimfanya mwenye nalo kuwa mtawala mdogo.

Delamere alizaliwa 1870 na kurithi cheo pamoja na jumba la Vale Royal huko Cheshire akiwa kijana wa miaka 17. Safari za kuwinda simba zilimfikisha Somalia, na simba mmoja alimjeruhi akabaki akichechemea. Mwaka 1897 alifika Laikipia kwa miguu na ngamia kupitia Ethiopia, akazipenda nyanda hizo. Aliporejea, reli ilikuwa imekwishafika Nakuru, na kamishna Sir Charles Eliot alikuwa akitafuta walowezi wa kuipatia reli hiyo mizigo.

Bonde la Ufa lilianza kugawiwa mabwana wapya, lakini malisho yaliyogawiwa yalikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa Agosti 1904, uliotiwa saini na Olonana kwa upande wa Wamaasai, jamii hiyo iliondolewa bondeni na kusukumwa Laikipia na kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba hawatahamishwa tena maadamu kabila lao lipo. Ahadi ilidumu miaka saba tu. Mwaka 1911 Laikipia nayo ilitwaliwa, na familia zikaswagwa kusini pamoja na mifugo yao. Kiongozi wa Kimaasai, Parsaloi ole Gilisho, na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa makubaliano kati ya dola na dola, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Hoja hiyo ni ya aibu: watu walihesabiwa kuwa dola pale tu walipodai haki yao.

Njoro yenyewe haikumpokea bwana wake vizuri. Delamere aliishi na mkewe, Florence, katika nyumba za nyasi zenye sakafu ya udongo, huku kondoo na ng'ombe aliowaagiza ng'ambo wakifa mmoja baada ya mwingine. Wengine waliuawa na homa ya mapafu na ndigana. Wengine walidhoofika katikati ya nyasi tele, kwa kuwa udongo wa hapo una upungufu wa madini, hasa kobalti. Akageukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu. Alimlipa mtaalamu kuchanganya mbegu zinazoweza kuhimili ugonjwa huo, na mwaka 1908 alishiriki kuanzisha kampuni ya Unga. Kazi hiyo ndiyo sehemu ya urithi wake yenye faida kwa mkulima wa leo. Kituo cha utafiti cha Njoro bado kinapima ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu, ikiwemo aina hatari ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda.

Mifugo ilistawi alipohamia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Hapo alitegemea wachungaji wa Kimaasai, ambao lugha yao aliizungumza na ambao ujuzi wao wa malisho na magonjwa ulizidi wake. Kuwasifu Wamaasai huku akishikilia ardhi yao ni jambo ambalo hakuwahi kulisawazisha. Fedha zilitoka Uingereza: mali ya Cheshire iliwekwa rehani, na mwanawe aliliuza jumba la Vale Royal mwaka 1947.

Nguvu ya mabwana hawa haikuishia kwenye ua wa shamba. Delamere aliongoza chama cha walowezi, na mwaka 1907 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima shambani, na baadaye kikaja kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichofungwa shingoni. Shemeji yake Delamere, Galbraith Cole, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo. Mwaka 1911 wazee wa baraza, wote Wazungu, walimwachilia huru, na ikabidi serikali yenyewe imfukuze nchini.

Delamere alifariki Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Mwanawe Thomas, baroni wa nne, aliishika milki hadi 1979. Uhuru ulipokuja, barabara ya Delamere jijini Nairobi ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikahamishiwa Soysambu. Mashamba ya walowezi wengi yalinunuliwa na kugawanywa. Soysambu ilibaki mikononi mwa ukoo.

Swali la haki lilirudi upya mwaka 2005, Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo, alipomuua kwa risasi afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mkuu wa Sheria aliiondoa kesi, na hasira ikawaka kote nchini. Mwaka uliofuata mkazi wa jirani alikufa kwa risasi kwenye shamba hilohilo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia Cholmondeley hatiani kwa kumuua mkazi huyo bila kukusudia na kumfunga miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Alifariki 2016.

Tangu 2007 Soysambu imekuwa hifadhi ya wanyamapori ya takriban ekari 48,000, yenye twiga, heroe na mwari. Ziwa Elmenteita liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Katiba ya 2010 nayo iliweka ukomo: asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99.