Kikundi Chenu cha Sanaa Kinajenga Tovuti? Cheki Kwanza Hati Iko kwa Jina la Nani

Mtu wa Mombasa haelezwi nyumba bila ardhi ni nini. Iwe Likoni, Kisauni ama Changamwe, utapata msee amejenga nyumba, kuta zake na mabati yake, lakini ploti ni ya mwingine. Analipa kodi ya ardhi, na siku mwenye shamba akibadilisha mawazo, ni noma.

Sasa maze, vikundi vingi vya sanaa vya mtaani vinaishi hivyo hivyo mtandaoni. Mnaigiza, mnacheza ngoma, mnachora kuta, kisha kazi yote inatupwa kwenye peji iliyofunguliwa na simu ya mtu mmoja. Akipata kazi Gulf ama mkikosana, picha za miaka yote zinaenda na yeye. Ndio maana kikundi kinahitaji tovuti yake. Lakini chunga, hata tovuti inaweza kuwa nyumba bila ardhi.

Anzeni na jina. Majina yote ya .ke yanasimamiwa na KENIC, lakini mnanunua kwa mawakala waliosajiliwa nayo. Ile .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, .co.ke ni ya biashara. Ada hulipwa kila mwaka, na mkilala, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine. Hapa ndipo wengi huchomeka: fundi anasajili jina kwa barua pepe yake, halafu anaingia mitini. Fungueni barua pepe ya kikundi, na usajili uandikwe kwa jina la kikundi.

Ya pili ni seva, mahali tovuti inakaa. Hiyo ni kama chumba cha kupanga. Landilodi akizingua mnahama na vyombo vyenu, bora jina liwe lenu na mko na nakala ya kila kitu. Programu kama WordPress ni ya bure, kwa hivyo doh yenu nyingi itaenda kwa jina, seva na fundi. Mwandikiane na fundi kabla ya kumtumia hata bob: akimaliza, anakabidhi pasiwadi zote. Watu wawili wa kamati wazishike, sio mmoja.

Ndani msijaze maneno. Mtu anayetaka kuwaalika kwa shoo, ama mfadhili, anataka kujua haraka nyinyi ni kina nani, mko wapi, mmefanya nini na atawapata vipi. Picha zipunguzwe uzito, kwa sababu beshte yenu wa Mtongwe anafungua na bando ya mbao. Video pelekeni YouTube, kwenye tovuti muweke kiungo tu.

Halafu kuna hii watu hupuuza. Kama mnafunza watoto, picha zao si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ama mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha inayomtambulisha iko ndani. Pigeni fomu ya ukurasa mmoja, mama asome, aelewe, atie sahihi. Akikataa, picha haipandi.

Hamna fundi? Vukeni feri ama pandeni matatu mpaka Swahilipot Hub, kisiwani karibu na Fort Jesus. Hapo wasanii na vijana wa kompyuta hukaa chini ya paa moja. Ulizeni, msione haya.

Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa 2009, yaani intaneti huingia Kenya kupitia mlangoni petu. Itakuwa aibu sisi wenye mlango tuwe wapangaji. Leo jioni mkikutana mazoezini, ulizaneni swali moja tu: pasiwadi iko kwa nani?