Mkojo Kuvuja Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Usiache Maji, Zoeza Msuli

Mwanamume akishatolewa mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume, hudhani safari imekwisha. Kisha anakohoa, au anainuka kitini, na suruali inalowa. Wapo wanaoficha jambo hili hata kwa wake zao: wanaacha kwenda kanisani, wanakwepa vikao vya ukoo, wanapunguza maji ya kunywa. Kujificha hakuponyi, na kuacha maji kunadhuru.

Tezi dume iko chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo. Mkojo huzuiwa na misuli miwili: wa juu, kwenye shingo ya kibofu, hujifunga wenyewe, wa chini ya tezi tunaukaza kwa hiari. Upasuaji, uwe wa kufungua tumbo au wa kupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo, mara nyingi huudhoofisha ule wa juu, na kazi yote ikabaki kwa wa chini. Zaidi ya hapo, kibofu kilichosukumana na tezi iliyokua kwa miaka bado kina mazoea ya kubana ghafla.

Aliyepasuliwa kwa uvimbe usio saratani kwa kawaida hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache. Aliyetolewa tezi nzima kwa saratani huenda akahitaji hadi mwaka.

Dawa ya kwanza ni mazoezi aliyoyaeleza daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua. Wanaume nao yanawafaa. Kaza misuli kana kwamba unazuia ushuzi. Tumbo na makalio yatulie, na pumua kama kawaida. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5, rudia mara 10, kutwa mara 3. Nguvu ikiongezeka, fika sekunde 10. Kaza pia kabla ya kukohoa au kuinuka. Usianze mpira ukiwa bado ndani.

Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kidogo kidogo, na upunguze jioni. Mkojo mzito hukiwasha kibofu kikazidi kubana. Wilaya yetu ya Ngara, mkoani Kagera, ni nchi ya kahawa na pombe ya ndizi, lakini vyote viwili huchochea haja, vipunguze kwanza. Haja ikikujia ghafla usikimbie: simama, kaza mara kadhaa, ikitulia ndipo uende.

Kwa wiki 6 hivi waachie wengine jembe, ndoo ya maji na mkungu wa ndizi. Usipande baiskeli, wala usiisukume na mzigo kwenye vilima vyetu. Kula maharage, mboga za majani na papai ili choo kiwe laini, maana kujikamua chooni huuchosha msuli uleule.

Asiyemudu pedi za dukani atumie kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa. Kikilowa kibadilishwe, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, kisifichwe uvunguni kwa aibu. Ngozi ioshwe, ikaushwe, ipakwe mafuta ya mgando.

Mkojo ukitoka matone tu huku chini ya kitovu pamejaa na panauma, njia imeziba, na mazoezi hayatasaidia. Hapo, au ukiona mabonge ya damu au homa, nenda siku hiyohiyo hospitali ya Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, yoyote iliyo karibu. Ukivuja bado baada ya mwaka, omba rufaa kwa bingwa wa njia ya mkojo, kwa mfano katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Yapo matibabu mengine.

Daktari hatibu asichoambiwa. Kila siku andika idadi ya vitambaa ulivyolowesha, na siku ya kliniki mpe hesabu hiyo. Ikishuka mwezi hadi mwezi, msuli unapata nguvu. Isiposhuka, ataona mapema kwamba matibabu yabadilishwe.