USS Franklin: Meli iliyorejea ikiwa gofu na mzozo mkononi

APRILI 28, 1945, meli ya Marekani ya kubeba ndege za kivita, USS Franklin, iliwasili katika karakana ya jeshi la majini ya Brooklyn, New York. Sitaha yake ilikuwa imechanika na kuungua, lakini ilifika kwa nguvu ya mitambo yake yenyewe, jambo ambalo wiki chache kabla lilionekana kuwa muhali.

Asubuhi ya Machi 19, ikiwa takriban kilomita 80 kutoka pwani ya Japani, ndege moja ya adui ilichomoza mawinguni na kuiangushia mabomu mawili. Kilichoiponza zaidi ni shehena yake yenyewe. Ndege zake zilikuwa zimejazwa mafuta na kufungwa mabomu na maroketi, tayari kwa mashambulizi. Moto ulidaka mafuta, mafuta yakalipua silaha, na milipuko ikaendelea kwa saa kadhaa. Meli ilizimika na kuinamia upande wa kulia kwa nyuzi 13.

Zaidi ya watu 700 walipoteza maisha. Hesabu zilizofanywa baadaye zimefikisha idadi hiyo 807. Luteni Donald Gary aliwaongoza kwenye usalama mabaharia wapatao 300 walionaswa gizani katika vyumba vya chini. Yeye na kasisi wa meli, Joseph O'Callahan, walitunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1946.

Meli ya kivita USS Pittsburgh iliikokota Franklin hadi mitambo yake ilipofufuka. Ikapitia Ulithi, Pearl Harbor na Mfereji wa Panama, kwa kuwa karakana za pwani ya magharibi ya Marekani zilikuwa zimeelemewa na meli zilizoharibiwa vitani. Umma haukuarifiwa mkasa huo hadi katikati ya Mei.

Hata hivyo, si wote walionusurika waliorudi nayo. Nahodha Leslie Gehres aliwaenzi wanamaji 704 waliobaki melini, akawashutumu waliokuwa wameondoka kwamba waliikimbia meli, na akakataa wasirejee. Shutuma hiyo ni vigumu kuitetea. Wengi walirushwa baharini na milipuko, au walijitosa kwa sababu moto uliwazingira na nyuma yao hapakuwa na njia. Wengine walivuka kwenda meli ya Santa Fe, iliyokuwa imejibana ubavuni mwa Franklin kuwachukua majeruhi, wakiamini wametii amri. Mashitaka aliyokusudia nahodha hatimaye yaliachwa kimya kimya, ila uchungu ulibaki kwa miaka mingi miongoni mwa watu waliokuwa wamekula meza moja.

Franklin ilikarabatiwa, lakini vita vilikwisha kabla haijarudi kazini, na haikupigana tena. Iliondolewa katika utumishi Februari 17, 1947, na mwaka 1966 ikauzwa kama chuma chakavu.